Muulizeni Mwenyewe, Yupo Hapo

"Bibi anasumbuliwa na nini?"

Swali hilo niliulizwa mimi. Mama alikuwa amekaa palepale, magoti yanakaribia kugusa meza ya daktari, amejifunga kitenge chake cha kutokea, mkoba kaupakata, daftari la kliniki mkononi. Mwenye goti ni yeye. Mwenye maumivu ni yeye. Nauli ya kutoka Magu kuja mjini Mwanza kalipa mwenyewe kwa hela ya viazi. Nikajibu kwa adabu zangu zote: "Daktari, muulize tu, anasikia." Kijana wa watu akatabasamu, akamgeukia, akapaza sauti kama anayeita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa: "BIIIBIII! GOTI LINAUMAAA?" Mama akavuta pumzi ajibu. Hata kinywa hajafungua, daktari kesharudi kwangu: "Limeanza lini?"

Hospitali siitaji. Haisaidii kuitaja, maana haya haya ningeweza kuyaandika kuhusu benki, kuhusu stendi, kuhusu ofisi ya mtaa, na kuhusu sebule za ndugu zangu wa tumbo moja. Mtu akishavuka miaka sabini anakuwa mzigo wa kukabidhiana. "Kaja na nani huyu?" "Mwenye bibi yuko wapi?" Mwenye bibi! Utadhani ni baiskeli iliyoegeshwa vibaya.

Na ukilalamika utajibiwa kwa upole kabisa kwamba ndugu yangu, uzee ni utoto wa mara ya pili, wazee wanarudi kuwa kama watoto, tuwavumilie. Nimelisikia hilo msibani, nimelisikia kanisani, nimelisikia kwa watu wenye shahada zao. Ni uongo. Ni uongo mtamu, unaomfanya anayeusema ajione ana huruma wakati anamvua mwenzake utu.

Mtoto wa miaka miwili hajui kwa sababu bado hajaishi. Mama yangu amezika mume, amezaa na kulea saba, amelima pamba tangu bei ikiwa nzuri mpaka ikawa dhihaka, amepatanisha ndoa nisizoweza kuzihesabu, nyingine hazikustahili kupatanishwa. Ukimfananisha na mtoto wa miaka miwili kwa sababu wote wawili wanatembea taratibu, tatizo ni macho yako.

(Na hata huyo mtoto mchanga tunamsingizia. Mwaka 1980 watafiti wawili, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba mtoto mwenye siku chache tu duniani anaitambua sauti ya mama yake na anaipendelea kuliko ya mwanamke mwingine. Sisi tunasema "haelewi huyo", tunamwachia katuni. Hilo nitaliandikia siku nyingine, leo nina hasira ya upande wa pili.)

Kosa hili lina mizizi hata kwenye vitabu. Wataalamu wakubwa wa makuzi ya binadamu waliishia njiani: hatua za Piaget zinamalizikia ujanani, za Freud vilevile, kana kwamba mtu akishaota ndevu basi kazi imekwisha, kinachofuata ni kungoja jeneza. Aliyefika mbali ni Erik Erikson. Mwaka 1950 alitoa hatua nane, na ya nane ikawa uzee: kipindi ambacho mtu anayatazama maisha yake yote, ama anayakubali kuwa ni yake, au anakata tamaa. Lakini Erikson alizaliwa 1902. Alikuwa na miaka 48! Aliuchora uzee akiwa bado hajaufikia. Mkewe Joan, ambaye alifanya naye kazi hiyo miaka yote, alipovuka tisini akaona picha haijatimia, akaongeza hatua ya tisa mwaka 1997. Yaani ili tuambiwe ukweli kuhusu uzee mkongwe, ilibidi tumngoje bibi aseme mwenyewe.

Nini basi kinachobadilika? Kasi. Hilo nakubali, tena kwa shingo upande. Ubongo unaanza kupunguza kasi mapema kuliko tunavyopenda kusikia, tangu ujana unapoanza kuchuja, na ukifika miaka ya mama yangu swali linachukua muda kuingia na jibu linachukua muda kutoka. Muulize kitu mama: atakutazama, atavuta shavu upande mmoja kwa ulimi, atanyamaza kidogo, halafu atakujibu. Kinyamazo hicho ndicho kinachowaponza wazee wote wa nchi hii. Vijana tunakiona ni utupu, tunaruka kukijaza. Mzee akikatizwa mara tatu anaacha kujibu. Akiacha kujibu tunasema: unaona, haelewi tena.

Ila msamiati, maarifa, uwezo wa kupima watu na mambo, hivyo haviondoki pamoja na kasi. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenganisha akili hizi mbili zamani: ile ya kutatua jambo jipya harakaharaka, na ile iliyojengwa na yote uliyoyaishi. Ya kwanza inashuka mapema. Ya pili inaendelea kupanda kwa miaka mingi na inadumu mpaka uzeeni.

Wa Ziwa Victoria mnaukumbuka mwaka 2020, maji yalivyopanda mpaka kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1964. Kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya mji, jirani ya kwa shangazi, kuna mzee aliyekuwa akiwaambia vijana wasijenge chini ya mwembe fulani. Anawaonyesha kwa fimbo: baada ya mvua za mwaka wa Uhuru maji yalifika hapa, na hayakuondoka. Na ni kweli, kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Vijana wakacheka. Mzee anarudia hadithi moja kila siku, wakasema, amechoka akili. Wakajenga kibanda cha kukaangia samaki, wakajenga na choo. Choo ndicho kilichotangulia kuelea.

Lile la kurudia hadithi nalo liwekwe sawa. Karibu kila mtu akizeeka anakumbuka zaidi mambo ya miaka yake ya kumi mpaka thelathini hivi. Ndipo alipopenda, alipohama, alipoanza kazi. Daktari Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba mzee anayezirudia habari zake anayapitia maisha yake na kuyaweka sawa, na kwamba hiyo ni kazi halali ya umri huo. Huyu Butler ndiye pia, mwaka 1969, aliyeupa jina ubaguzi wa umri. Kwa hiyo babu akikusimulia mara ya tano habari za ningu na furu waliokuwa wakijaa nyavuni kabla sangara hajatawala, ujue hajapotea. Anakagua hesabu zake. Halafu sikiliza, maana baadhi ya hao furu hutawaona tena popote.

Kuhusu kupiga kelele, naomba wauguzi wanisikilize bila kununa. Sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s, f na t. Ukimpigia kelele unaongeza mlio, huongezi uwazi. Mama anaisikia sauti yako vizuri sana, anachokosa ni kama umesema saa sita au saa tisa, na hapo ndipo dawa zinapokosewa. Kaa mbele yake aone midomo, shusha sauti, punguza mwendo, zima feni kama inapiga kelele. Haihitaji bajeti ya wizara.

Sasa nije nyumbani, maana daktari yule namwonea tu. Kidonda changu hasa kiko kwenye maneno mawili: "Pumzika, mama."

Mama alikuwa kijijini na mipango yake. Pamba aliiacha mwenyewe alipoona mgongo haukubali, akabaki na viazi vitamu na mchicha. Palizi akawa anafanya asubuhi mapema kabla ya jua, amekaa kwenye kigoda, anakisogeza kidogokidogo. Maji anamlipa kijana wa jirani. Michembe, vile viazi vya kukausha, anaanika mwenyewe, na usijaribu kumsaidia, utapanga vibaya. Msomi mmoja Mjerumani, Paul Baltes, alisema kuzeeka vizuri ni hivyo: kuchagua machache, kuyafanya kwa bidii zaidi, na kutafuta njia mbadala pale mwili unapopungukiwa. Mfano wake alikuwa mpiga piano Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza nyimbo, akazifanyia mazoezi zaidi, na akawa anapunguza mwendo kabla ya sehemu za kasi ili zisikike kasi. Mama hajawahi kuiona piano. Kigoda anacho.

Ndugu zangu wakaja na upendo wao. Mama hawezi kukaa peke yake, watu watatusemaje? Akahamishiwa mjini, Buhongwa, kwa kaka, nyumba ya vigae. Jikoni asiingie, ataungua. Nje asitoke, atagongwa na bodaboda. Kuosha vyombo kuna dada. Akapewa sofa na rimoti. Ndani ya miezi michache mtu aliyekuwa akijua bei ya debe la viazi katika magulio yote ya wilaya akawa hajui leo ni Jumanne au Jumatano, kwa sababu pale sebuleni Jumanne na Jumatano hazina tofauti yoyote! Kaka akasema ndio uzee huo, umeanza kumkamata.

Huko Marekani, mwaka 1976, Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wao kwenye makao ya wazee. Kundi moja liliambiwa lijiamulie mambo yake, kila mtu akapewa mmea autunze mwenyewe. Kundi lingine nalo lilipewa mimea, ila likaambiwa wafanyakazi watashughulikia kila kitu. Waliojiamulia walichangamka zaidi na walionekana na furaha zaidi. Watu walikuwa wachache, na utafiti wenyewe umebishaniwa, sawa. Mimi sikuuhitaji, nilimwona mama. Aliporudi Magu, kwa ugomvi, nisieleze, ndani ya msimu mmoja alikuwa anamkaripia yule kijana wa maji kwa jina lake na la baba yake.

Najua mtaniambia: wapo wazee wanaopotea kweli. Wapo. Ugonjwa wa kusahau upo na unavunja familia, nimeuona. Lakini utafiti wa mwaka 2010 wilayani Hai, kule Kilimanjaro, uliwakuta nao takriban 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Hao wengine wote mmewapima lini? Na mzee aliyebadilika ghafla, juzi mzima leo anaweweseka, huyo msimwite mzee, mwiteni mgonjwa: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, au dawa zenyewe mlizompa. Mpelekeni akapimwe, wengi hurudi sawa.

Hapa siandiki kwa mzaha. Sisi wa Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu tunajua mzee asiyeeleweka huishia wapi. Bibi anaongea peke yake, bibi anatoka usiku, bibi ana macho mekundu, basi ni mchawi. Macho hayo yameliwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe kwa miaka hamsini akiwapikia hao hao. Watu wakanoa mapanga. Wanawake wameuawa katika ardhi hii kwa sababu hakuna aliyekaa nao na kuwauliza kinachowasumbua, na mara nyingine kwa sababu kuna aliyelitaka shamba. Kuanzia kwenye "haelewi huyo" hadi huko ni mbali, lakini njia ni ile ile.

Serikali ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitali zina dirisha la wazee. Nashukuru kwa dirisha. Wauguzi nao wana foleni isiyoisha na mishahara tunayoijua, sitaki kuwabebesha dhambi za ukoo mzima. Ila swali moja likielekezwa kwa mwenye goti lake halirefushi foleni.

Jumamosi tuna kikao cha familia nyumbani kwa kaka, ajenda ni kumrudisha mama mjini moja kwa moja. Kwenye kundi la WhatsApp kaka ameandika kwamba mama asisumbuliwe na vikao, ataarifiwa matokeo. Nimempigia mama, nikamtajia saa na mahali. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema atakuja, nimtafutie gari la asubuhi, na kwamba ana ajenda yake ya kutangulia nyingine zote: wale ng'ombe wake wawili waliouzwa kipindi yuko Buhongwa akitazama tamthilia, waliuzwa shilingi ngapi, na nani alishika hela.