Mbege ina siku yake

Kila Desemba, magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani kula Krismasi yanapojaza barabara ya kupanda Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, sikosi kukutana na mgeni anayeuliza ni hoteli ipi inayouza mbege nzuri, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nami humjibu vilevile kila mwaka, pengine kwa ukali asioustahili: mbege nzuri haiko hotelini. Iko kilabuni, kwa mama aliyeipika mwenyewe, nayo ina siku yake. Msomaji aniwie radhi nikilishikilia jambo hili la siku, kwa maana ndilo linalofanya safari ya kwenda kilabu cha kijijini istahili nauli.

Tazama inavyopikwa. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha huachwa katika pipa kwa siku kadhaa ili zichache. Ulezi nao huoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji, na magome ya msesewe hutiwa ili kuleta ule uchungu ambao katika bia ya chupa huletwa na hopsi. Maji ya ndizi yakishachujwa, huunganishwa na uji huo jioni, na kesho yake pombe iko tayari. Ikilala siku moja zaidi inakuwa kali. Siku ya tatu ni ugwadu mtupu, na wanaoivumilia ni wazee wachache wenye matumbo ya chuma. Kinywaji chenye maisha mafupi namna hiyo hakiwezi kukusubiri katika jokofu, bali wewe ndiye unayepaswa kukifuata. Niliwahi kuuziwa kinachoitwa mbege katika sehemu moja inayopokea watalii, ikiwa katika glasi na mrija juu yake, nayo ilikuwa tamu kama juisi ya dukani. Sikuhitaji kuuliza sukari iliingilia wapi.

Kilabu ninachokipenda kiko katikati ya migomba na mikahawa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka lami, na hakina kibao chochote mlangoni. Mama mwenye pombe huchovya kata ndani ya pipa, huikoroga ili ulezi uliotuama upande juu, kisha hupiga funda moja yeye mwenyewe kabla ya kumkabidhi mgeni. Asiyejua desturi anaweza kukunja uso, lakini hiyo ndiyo adabu yenyewe: anayekupa pombe huionja kwanza ili ujue haina sumu. Punje za ulezi huelea juu kama povu zito, nawe huzipuliza pembeni ndipo unywe. Kata huanza kwa mkubwa wa umri. Siku ya kwanza nilijisahau nikainyoshea mkono kabla ya mzee aliyekaa kushoto kwangu. Hakusema neno, alikohoa tu, na benchi zima likacheka.

Chakula nacho si cha kusindikizia pombe tu. Pembeni ya kilabu kuna bucha, na jiko la mkaa liko hapohapo, hivyo mbavu za mbuzi unazozichagua zikiwa zimening'inia ndizo utakazoletewa juu ya ubao, pamoja na chumvi, pilipili na ndizi za kuchoma. Asiye na haraka aanze na mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, kwa kuwa ukali wa mbege ukikuta tumbo tupu hausamehe. Kisusio, supu yenye damu ya mnyama, sitamlazimisha mtu, ingawa mimi siiachi.

Najua vilabu vina sifa mbaya, na sehemu ya sifa hiyo ni ya haki. Tangu mwaka 1968 tuna sheria ya vileo inayopanga saa za kuuza, lakini nimeona vijana wamekwisha kulewa saa nne asubuhi, na nimeona kata zikisuuzwa katika ndoo moja ya maji kuanzia mchana hadi giza linapoingia. Wapo pia wanaouza gongo, pombe kali inayokatazwa, nyuma ya pipa la mbege. Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka vilabu vyote vifungwe kwa hoja ya ulevi, kwa sababu viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyopigwa marufuku mwaka 2017, havikupikwa na mama yeyote wa kijijini. Vilitoka viwandani, vikanywewa na mtu peke yake, mfukoni, bila mzee wa kumkoholea.

Kwa hiyo ukipanda huko, usianze kwa kuuliza bei. Msalimie mama, kaa, kisha umuulize pombe imeunganishwa lini. Akisema jana jioni, agiza nyama na utulie. Akisema juzi, kunywa kata moja ya heshima, kula mtori wako, na umuulize atapika tena siku gani.