Hita, Mama Mkwe na Dumu la Shemeji

Anayeijua Njombe hahitaji kuelezwa. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Mei mafuta ya kupikia yanaganda humo humo chupani, unayachokoa kwa mpini wa kijiko. Mke wangu alikuwa ndio kwanza amepata jiko jipya, dogo lakini la kisasa: makabati, marumaru, dari ya jipsamu. Alfajiri ya kwanza akagoma kuingia.

"Baba Neema, hili si jiko. Ni friji umeliwekea mlango wa watu."

Ikabidi tutafute cha kulipasha joto. Mkaa hatukuujadili. Ukiuwasha kwenye chumba kilichofungwa madirisha unatoa karboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia ya watu waliolala nao wasiamke. Hita ya mafuta, ile yenye mapezi, ingechukua nafasi ya mtu mzima, na jikoni kwetu watu wawili wakipishana mmoja lazima abane tumbo. Ya kutundika juu ukutani fundi akaikataa: "Joto linapanda, bosi. Mtawapashia panya wa darini." Akashauri hita ya feni inayofichwa chini ya kabati, pale kwenye ubao wa miguuni. Haili nafasi, na inapuliza usawa wa vifundo. Ni ya wati 2,000, yaani ikiwaka saa nzima inameza uniti 2 za LUKU. Akaivutia waya wake yenyewe, isije ikagombea soketi na birika. Fundi sina neno naye.

Mama mkwe akaja kuliona jiko. Huyu ni mtu wa jumuiya. Nyumbani kwake pombe haitajwi hata kwa jina. Siku hiyo hiyo shemeji akatokea kijijini na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi, bado mtogwa, yaani mtamu haujawa mkali, umegemwa jana yake asubuhi. Kumwona mama yake sebuleni, akapitia mlango wa nyuma, akalisukumia dumu kwenye uwazi kati ya kabati na friji, akakaza kifuniko kwa nguvu zote ili harufu isitoke. Mdomo wa hita unatazama hapo hapo.

Wagemaji wanajua: ulanzi haufungwi ukakazwa. Chachu inakula sukari, inatoa gesi, na kwenye joto inafanya kazi hiyo kwa haraka ya ajabu. Ndiyo maana kifuniko huachwa kimelegea. Shemeji anajua hayo kuliko mimi. Lakini mbele ya mama yake hata jina lake huwa analisahau.

Jioni jumuiya ikasali kwetu. Akina mama wakaliona jiko, wakalipenda, wakabanana humo na maharage yao ya kuchambua. Mama mkwe akapewa kigoda, miguu kwenye joto. "Mwanangu umenifikiria," akasema, na mimi nikavimba kichwa. Dumu nalo, kumbe, lilikuwa linavimba.

Pwaa!

Kifuniko kikapiga jipsamu, povu likafuata. "Hita imelipuka!" akapiga kelele mtu. Maharage chini, vitenge mlangoni, wote wanataka kutoka kwa pamoja kupitia mlango wa mtu mmoja. Nikakimbilia swichi kuu, nikazima nyumba nzima. Jirani akaja na ndoo ya maji, kwa bahati akaimwaga ukutani, hakupata mtu.

Giza totoro. Kimya. Halafu harufu ikaanza kutembea, taratibu, kutoka jikoni kuja sebuleni, ikampitia kila mtu mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza ni harufu ya nini. Iringa na Njombe nzima, hata mtoto wa chekechea asingeuliza.

Nikawasha umeme. Mama mkwe alikuwa bado kwenye kigoda, hakukimbia, povu linamdondoka kwenye kilemba hadi shavuni. Akaligusa kwa kidole. Akakitazama kidole. Akakiramba.

"Huu umegemwa lini?"

Shemeji akajibu akiwa nyuma ya mlango: "Jana asubuhi, mama."

"Jana? Na umeshakuwa mkali hivi?"

Akainama, akachungulia chini ya kabati, akainua uso kunitazama.

"Baba Neema, hii hita mlinunua shilingi ngapi?"