Aliyetumwa na Aliyemtuma

Kila nikitazama filamu ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, huwa nalisubiri lile onyesho la usiku. Moto unawaka, askari wawili watatu wameuzunguka, mmoja anamuuliza mwenzake anapigania nini. Wa Kaskazini atataja umoja wa nchi, au uhuru. Wa Kusini atasema anapigania haki zake na ardhi yake, na kwamba yeye hajawahi kumiliki mtumwa hata mmoja. Muziki unapanda taratibu, na sisi tunaanza kumwonea huruma.

Sina ugomvi na huyo kijana. Huenda anasema kweli tupu. Ugomvi wangu ni na mwongozaji anayetaka jibu hilo lituridhishe.

Mtumwa, ukilichambua neno lenyewe, ni mtu aliyetumwa. Askari naye hutumwa. Ukitaka kujua safari ni ya nini, humuulizi aliyetumwa peke yake, unakwenda pia kwa aliyemtuma. Na waliolituma jeshi la Kusini hawakumung'unya maneno. Mississippi ilipojitenga Januari 1861, tamko lake lilisema wazi kwamba msimamo wa jimbo umefungamana kabisa na utumwa. Machi mwaka huohuo Alexander Stephens, Makamu wa Rais wa Shirikisho jipya la majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alisimama mjini Savannah akatangaza kuwa jiwe la pembeni la serikali yao ni kwamba mtu mweusi si sawa na mzungu. Ni hotuba ya hadhara, na ilichapishwa magazetini. Sijui mwandishi wa filamu anahitaji ushahidi gani zaidi.

Hata hilo la "sikumiliki mtumwa" lina walakini. Kijana wa miaka 20 kwa kawaida hamiliki hata shamba, shamba ni la baba yake. Kwa sensa ya 1860, karibu nusu ya familia huru za Mississippi zilikuwa na watumwa.

Chukua filamu ya Gettysburg ya 1993, kuhusu vita vya Gettysburg vya mwaka 1863. Inazidi saa nne, na sehemu yake ilirekodiwa kwenye uwanja wenyewe wa vita. Vifungo vya sare, mizinga, ndevu za majenerali, vyote vimetafutwa kwa bidii ya ajabu (ndevu nyingine, kusema kweli, zilihitaji bidii zaidi). Lakini Juni 1863, jeshi la Kusini la Jenerali Lee lilipokuwa likiingia Pennsylvania, jimbo la Kaskazini, kuelekea vita hivyo, askari wake waliwakamata watu weusi, wakiwemo waliozaliwa huru, wakawapeleka Kusini utumwani. Katika mji wa Chambersburg, mwanamke mmoja mzungu aliyeshuhudia aliandika katika shajara yake kwamba wanawake na watoto walikuwa wakiswagwa kama ng'ombe. Wengine walikuwa majirani zake. Saa nne zote hizo hazikupata dakika mbili za barabara ile waliyoswagwa. Na barabara ile ingelijibu swali la pale motoni bila mtu kufungua mdomo: hata askari asiyejali habari za utumwa alikuwa kwenye msafara uleule.

Upande wa Kaskazini nao hupakwa rangi. Wengi walijiandikisha kuiokoa nchi isigawanyike, na wapo walionung'unika Rais Lincoln alipotangaza uhuru wa watumwa Januari 1863. Filamu hupenda kuwafanya wote wakombozi.

Glory, ya 1989, ndiyo naipenda kuliko zote, kwa hiyo naisema kwa uchungu. Inawaonyesha wengi wa wanajeshi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha weusi cha jeshi la Kaskazini, kama watumwa waliotoroka, ilhali wengi wao walikuwa watu huru wa Kaskazini, wakiwemo wana wawili wa Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyekuwa mtumwa mwenyewe. Halafu kuna suala la mshahara. Mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi, mweusi 10, na humo dola 3 zilikatwa za mavazi. Kwenye filamu wanachana karatasi za malipo, kanali wao anawaunga mkono, tunasonga mbele. Katika historia waligoma kupokea kwa takriban mwaka mmoja na nusu, huku wake na watoto wakihangaika nyumbani. Jimbo la Massachusetts likajitolea kufidia pengo. Wakakataa hata hiyo. Fikiria unavyomweleza mkeo kwa barua kwamba pesa zimekuja na umezirudisha. Nia ya askari ingeonekana katika barua hiyo kuliko katika mashambulizi yoyote ya mwendo wa polepole.

Sajenti William Walker, wa kikosi cha weusi cha South Carolina kilichopigana upande wa Kaskazini, alikuwa ametoka utumwani. Yeye aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini mbele ya hema la kamanda wao mpaka walipwe sawa. Jeshi lake mwenyewe lilimhukumu kwa uasi, na likampiga risasi Februari 1864. Miezi minne baadaye Bunge likapitisha mshahara sawa. Filamu yake bado sijaiona.