Watetezi wa mtandao watunzwe kwa ubeti upi?

Kwenye taarabu ya Tanga, mtu hatunzi kwa kuwa mwimbaji ana jina. Husubiri ubeti wake. Neno likimgusa huinuka, akacheza pole pole hadi mbele, noti ikaingia mkononi mwa mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua nani katunza na kwa maneno yapi. Tuzo za watetezi wa haki za mtandao zimekosa kitu hicho, ndiyo maana wengi huzibinulia midomo.

Lawama zenyewe si za kupuuza. Tuzo kubwa hutoka ng'ambo: Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandao, ilianza kuzitoa 1992, na Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni la Tanzania, alituzwa New York mwaka 2019 na CPJ, shirika la kutetea waandishi wa habari. Mtu wa Ngamiani hapa Tanga ana haki ya kuuliza waliokaa kule wamejuaje nani kafanya nini huku. Tuzo za nyumbani nazo zina lao. Kampuni ya simu ikidhamini sherehe, mshindi gani atasimama kesho yake kuhoji inavyotunza taarifa za wateja? Hilo la pili ndilo linalouma zaidi, na dawa yake ni kumnyima mdhamini kiti cha jaji.

Ila wanaobeza tuzo huwa hawajaitazama kazi. Zichukue kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni ya kuanzia 1,000,000, ada ya mwaka 1,000,000. Jumla 2,100,000 kabla hujaandika neno. Ukiendesha bila leseni, adhabu ilikuwa faini isiyopungua 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kijana wa Chumbageni mwenye blogu ya matokeo ya timu ya Coastal Union alitiwa kapu moja na kampuni ya habari yenye wahasibu na wanasheria. Mwenye intaneti kafe naye alidaiwa kamera na daftari la watumiaji, hata kama ana kompyuta nne tu na kazi yake kubwa ni kuchapa barua za kuomba kazi.

Mei 2018 mashirika ya habari na haki za binadamu yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara kuzipinga kanuni hizo. Yakapata zuio la muda, na mwezi huohuo shauri likatupwa. Kwa hesabu ya mpira, wamefungwa. Lakini mwaka 2022 ada ya leseni ikashushwa hadi 500,000. Nani aliyeishusha? Kanuni husainiwa na waziri, wala haina mstari wa kumtaja aliyepiga kelele miaka minne. Shukrani humwendea mwenye kalamu. Aliyebaki nje ya karatasi hana pengine pa kutajwa ila kwenye tuzo.

Na kelele si neno zuri, maana kazi yenyewe ni ya kimya na haina mvuto wa picha. Rasimu ya kanuni ikitoka, mtetezi huchora jedwali la safu nne: namba ya kanuni, maneno yaliyomo, maneno anayopendekeza, sababu. Anayeandika "kanuni hizi zinabana uhuru" huwekwa kando hata kama anasema kweli, kwa sababu mwandishi wa sheria hakupewa cha kubadilisha. Anayeonyesha kwamba masharti mawili yameunganishwa kwa "au" badala ya "na" amempa. Kwa "au", ukitimiza sharti moja tu umeshanaswa. Kwa "na", lazima uwe umetimiza yote mawili. Neno hilo moja linaweza kumtoa kijana wa blogu kwenye wavu, na yeye asijue kamwe nani alimtoa.

Zipo tuzo zinazokaribia taarabu. Nii Quaynor wa Ghana alipopewa tuzo ya Jonathan Postel, yenye jina la mmoja wa waasisi wa intaneti, mwaka 2007, kazi iliyotajwa ilionekana kwa macho: kuijenga intaneti Afrika na kuwakusanya mafundi wake. Mtetezi wa sera hana waya wa kuonyesha, kwa hiyo hupewa sifa za jumla, na sifa za jumla ndizo zinazozaa shaka.

Basi Tanga ikitaka kutunza wake, hata kwa meza na viti vya kukodi pale uwanja wa Tangamano, cheti kisiseme "kwa mchango mkubwa". Kiandikwe namba ya kanuni, maneno ya zamani juu, mapya chini yake. Na kama hayakubadilika, kama ilivyokuwa Mtwara, kiandikwe hivyo hivyo, na noti itolewe.