Magadi ni Mteremko Tu

Nataka kumjua mtu wa kwanza aliyesema Magadi ni mteremko. Simtafuti kwa ubaya. Nataka tu nimpandishe kwenye baisikeli saa saba mchana, mwezi wa Februari, nimgeuze uso uelekee Nairobi, kisha nikae kivulini nimsikilize akirudia maneno yake.

Hesabu yenyewe haihitaji hata kalamu. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya bahari, Ziwa Magadi liko mita kama 600, na katikati kuna lami ya zaidi ya kilomita 100. Tena huo mteremko hauanzi hivi hivi. Kwanza unapanda kutoka Rongai hadi Kiserian, unakwepana na punda wa maji, halafu unauzunguka mgongo wa Ngong mpaka Kona Baridi, ambako upepo unakukuta na jasho lote mwilini. Haya, umeshuka. Nyumba yako bado iko Rongai. Nani atakurudisha juu?

Ofisini kwetu hakuna aliyeuliza. Aliyetupangia safari hii ya baisikeli ni jamaa wa uhasibu, mtu anayeinua risiti ya chai ya shilingi hamsini kwenye mwanga wa dirisha kuona kama imechezewa. Lakini mlima wa kurudi, huo haukumshughulisha. "Mzee, ni mteremko tu. Mwili unataka mazoezi." Mwili upi? Mimi hupanda matatu ya Rongai asubuhi na jioni, nimesimama nusu safari huku kiwiko cha mtu kiko sikioni. Kama hayo si mazoezi, basi sijui.

Marehemu baba alikuwa na Black Mamba, ile baisikeli ya chuma tupu, isiyo na gia wala huruma. Alibebea mahindi ya kusaga, alibebea mama akienda kujifungua, alibebea mabati ya nyumba. Siku alipopata nauli ya kupanda gari, aliiegemeza ukutani na hatukumwona tena juu yake. Sasa mimi mwanawe, niliyesomeshwa nisiteseke hivyo, nalipa pesa ili niteseke Jumamosi.

Na pesa zenyewe si kidogo. Baisikeli ya mtumba, kofia, glavu zisizo na vidole, chupa ya maji ambayo ati si chupa tu. Halafu ile suruali ya kubana yenye kigodoro makalioni. Mama watoto aliponiona nayo alfajiri, alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza tu kama nitapita dukani nikiwa hivyo. Nilipita, mkate uliisha. Mama mwenye duka alinihudumia akiangalia dari.

Nikubali, pale Kona Baridi panatisha kwa uzuri. Bonde la Ufa linafunguka mbele yako lote, vilima nyuma ya vilima, mpaka macho yanachoka. Tukapiga picha, tukashuka. Hapo ndipo uongo ulipoanza kuonekana. Barabara ile haishuki kama watu wanavyosema. Inashuka, inapanda, inashuka, inapanda, ilimradi usizoee. Kisamis tukapita katikati ya moshi wa nyama choma, mbavu zimetundikwa zinakutazama, na kiongozi wetu akakataa tusisimame. Ati tukila tutakuwa wazito. Ndugu yangu, mimi nilikuwa mzito tayari, kilichobaki ilikuwa kushiba.

Wenye miguu waliendelea hadi Magadi kulala huko. Sisi "wanaoanza" tuliambiwa tuishie Olorgesailie, tuone historia, turudi. Historia yenyewe ni mashoka ya mawe, maelfu kwa maelfu, yamelala pale pale yalipofukuliwa. Louis na Mary Leakey walianza kazi hapo miaka ya 1940, na wenye mashoka walikuwa wameondoka mamia ya maelfu ya miaka kabla yao. Wataalamu bado wanajadili kwa nini watu wale waliacha zana nyingi hivyo sehemu moja. Mimi nilisimama hapo saa sita na nusu, joto limepita nyuzi 35, nikaelewa kabisa. Uliza mtu yeyote aliyetembea na mzigo saa hiyo kama atabeba jiwe.

Kurudi sasa.

Kwanza, lami inapumua. Joto la juu unalijua, lakini hili lingine linatoka chini, linapanda na miguu mpaka kidevuni. Kila kilima kina kilima kingine kimejificha nyuma yake. Ukimuuliza mchungaji ni umbali gani hadi Kisamis, anakuambia "hapo tu," na ukimuuliza wa pili kilomita mbele, naye "hapo tu."

Nilipata duka. Friji ipo, kubwa, ina picha ya soda iliyotoka jasho la barafu. Nikaifungua mwenyewe kwa haraka. Ndani kulikuwa na sukari, daftari za watoto wa shule na pea moja ya akala. Dada akaniuliza bila haya, "Ya baridi ama ya moto?" Nikamwambia ya baridi. "Ya baridi hakuna."

Halafu mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya ng'ombe, ukaingia gurudumu la nyuma na kutokea upande wa pili. Mimi nilikuwa na pampu. Mwenzangu mmoja alikuwa na viraka. Mwingine alikuwa na moyo wa kusaidia. Gundi ilikuwa imeenda Magadi kulala na wenye miguu. Wenzangu wakasema watanisubiri mbele. Mbele ipi, hawakusema.

Nilisukuma baisikeli mpaka kigodoro kikawa kimbilio la vumbi. Ndipo lori la mbuzi likasimama.

"Kiserian soo mbili," utingo akasema, yaani shilingi mia mbili. "Baisikeli mia."

"Na mbuzi wanalipa ngapi?"

"Mbuzi wamelipiwa na mwenyewe. Wewe una mwenyewe?"

Nikalipa. Nikapanda nikasimama kati ya beberu mmoja mwenye dharau na mwingine aliyekula kamba ya kofia yangu taratibu, bila chuki. Kona Baridi tuliipita kwa kasi ambayo baba angeisifu. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Kumbe simu mfukoni ilikuwa bado inahesabu. Ile programu waliyotulazimisha kuweka, inayopima kasi na urefu wa mlima, haiulizi kama uko juu ya baisikeli au kati ya mbuzi. Jumatatu nakuta ofisi nzima inanipigia makofi. Nimepanda Kona Baridi kwa muda ambao hata wenye miguu hawajawahi kuugusa. Jamaa wa uhasibu, yule wa risiti ya chai, amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hii moja hakuiinua kwenye mwanga.

Sasa wanataka niongoze safari inayofuata, ya Mai Mahiu kwa ile barabara ya zamani iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wakanieleza kwa furaha kwamba pale chini mateka wale walijenga na kanisa dogo, mwaka 1942. Watu waliochonga mteremko ule kwa mikono yao waliona lazima kuwe na mahali pa kusali, na mwenzangu ananisimulia kama sehemu ya kupigia picha.

Nimewaambia nitaangalia ratiba. Ukweli wa Kona Baridi sijautoa na siutoi, na hakuna wa kuutoa: mashahidi wangu wote walishuka lorini mbele ya machinjio ya Kiserian.