Anayepima ndiye anayeuza dawa

Mtoto wa Kisauni, Mombasa, akishikwa na homa saa nne usiku, zahanati ya serikali imeshafungwa na Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, iko ng'ambo ya daraja. Kilicho wazi ni kliniki ya vyumba viwili au kemisti iliyo chini yake. Ubishi kuhusu huduma za afya za kibinafsi katika nchi maskini huanzia papo hapo. Mwaka 2007 IFC, tawi la Benki ya Dunia la kukuza biashara, ilizihimiza serikali za Afrika zishirikiane na sekta hii. Mwaka 2009 shirika la misaada la Oxfam likajibu kwamba sehemu kubwa ya hizo huduma ni maduka ya dawa tu. Wote walikuwa na hoja, maana neno "kibinafsi" limebeba hospitali kubwa ya Aga Khan ya Kizingo pamoja na duka linalouza amoksilini kwa tembe.

Hebu tuache majengo, tuangalie pesa zinaingia wapi. Kliniki ndogo aghalabu haiishi kwa ada ya kumwona daktari. Inaishi kwa maabara na dawa. Ndipo "malaria na taifodi" ikawa jina moja. Kipimo cha taifodi kiitwacho Widal hakitafuti kiini cha ugonjwa, kinatafuta kingamwili, ambazo hubaki mwilini miezi mingi baada ya kupona na huweza kuchochewa na maradhi mengine. Ili kiwe na maana zinatakiwa sampuli 2 zilizopishana siku 10 hadi 14. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu vilivyo kwenye damu, kazi ya siku kadhaa katika maabara ambayo kliniki nyingi hazina. Basi sampuli moja inasomwa 1:160, kiwango kinachochukuliwa kuwa ni taifodi, sindano zinaandikwa, na mwenye kliniki ameuza mara mbili. Si lazima awe tapeli. Kodi ya nyumba tu inatosha kumfanya aamini kipimo chake.

Malaria ina hadithi tofauti kidogo. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu, maji yake maalumu (bafa), na dakika 15 hadi 20. Dawa ya malaria iitwayo AL kwa mtu mzima ni tembe 24: nne nne, mara mbili kwa siku, siku 3, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta. Ruzuku ya kimataifa ya dawa za malaria, AMFm, ilipoanza mwaka 2010, pakiti zenye alama ya jani la kijani zilipendekezewa bei ya shilingi 40 nchini Kenya, na kemisti wale wale waliokuwa wakilaumiwa ndio waliozifikisha mitaani. Kasoro ni kwamba ruzuku ililipia dawa, haikulipia kipimo, hivyo wengi walinunua bila kupimwa. Na hata anayepimwa ana mtego wake: kipimo hicho huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, akauziwa dozi nyingine bure bilashi.

Kunakokwenda vizuri zaidi ni kwenye kifua kikuu na chanjo za watoto. Serikali hutoa dawa na chanjo, kliniki hutoa mahali na mhudumu. Dozi ya kifua kikuu ni ya miezi 6 na dawa haziuzwi, kwa hiyo hakuna faida ya kumpa mgonjwa zaidi ya anachohitaji.

Serikali nayo haina uso wa kujisifu. Madaktari waligoma siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha wauguzi takriban miezi 5 mwaka huo huo. Waliokuwa na pesa ya amana walijifungulia hospitali za kibinafsi. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, lakini kwa keshia amana ndiyo huulizwa kwanza.

Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, imeshika nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo: angalau 3,600, pigo kwa mchuuzi wa soko la Kongowea. Mfuko kama huu ungeweza kukata uzi kati ya kupima na kuuza, iwapo ungelipa kliniki kwa kila mgonjwa badala ya kwa kila kipimo, na ukalipa kwa wakati. Wenye hospitali wamelalamikia madeni mara kwa mara. Kliniki ya mtaani haina akiba ya kungojea. Malipo yakichelewa, mgonjwa anaombwa pesa taslimu, na Widal inarudi kulipa kodi.