Nani kasema kichanga hana msiba?

Jumapili kikao chetu cha kikoba hapa Nkuhungu, Dodoma, kiliisha vibaya. Mwenzetu kafiwa na mtoto wa siku 9. Katibu akafungua katiba, akasoma: rambirambi ni kwa mwanachama, mwenza, mzazi, na mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Akaifunga. Mama mmoja akaongeza, "Kitoto chenyewe hakina msiba, tumpe pole tu." Sijatulia tangu siku hiyo.

Hakina msiba kwa nani? Mdogo wangu alimpoteza kichanga wake mwaka juzi, mwezi wa saba, na ule upepo wetu wa baridi na vumbi. Alikuwa bado wodini, kajifungua kwa upasuaji. Wazee wakakaa, wakaamua, mtoto akazikwa asubuhi hiyohiyo. Mama mtu hakuulizwa, wala hakumwona. Nilipotoka makaburini nikamkuta amekaa kitandani, kanga imelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yameanza kutoka. Akaniuliza, "Dada, mmemvalisha ile kofia ya njano?" Hatukumvalisha. Kofia ilikuwa ndani ya beseni chini ya kitanda chake, imekunjwa na zile nguo nyingine.

Wazee siwalaumu sana. Wao wamezika vichanga wengi, na kuharakisha ndiyo njia waliyoijua ya kumpunguzia mama uchungu. Ila mdogo wangu hadi leo ananiuliza kaburi liko upande gani. Tuliweka kijiti tu, na nilipokwenda baada ya masika sikukiona.

Tena mtu asiniambie msiba wa mtoto hauna gharama. Ardhi ya Dodoma kiangazi haichimbiki kwa jembe, ni sururu, na vijana wa kuchimba lazima wale na walipwe. Kuna sanda, kuna gari la kutoka hospitali, kuna chai ya wanaokuja kutoa pole. Bili ya upasuaji nayo inabaki palepale. Shemeji aliweka pikipiki rehani, na ndiyo iliyokuwa inawalisha. Daftari la michango halikupita hata nyumba moja, kwa sababu aliyekufa ni kichanga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku nyingine 84 za likizo yenye malipo mtoto wake akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe. Baba naye ana siku 4 akifiwa na mtoto. Yaani mtoto yuleyule tunayemruka sisi, sheria inamtambua. Lakini sisi wauza mboga na mama lishe likizo atupe nani? Tegemeo letu ni kikoba.

Mhazini anasema mfuko utakauka. Haya, kwa kichanga tutoe nusu. Kikao kijacho nitaomba maneno "aliyetimiza mwaka mmoja" yafutwe, na nitawaomba kina mama wenzangu, kila mmoja kwenye ukoo wake, asikubali mtoto atolewe kwenda kuzikwa kabla mama yake hajaulizwa.

Kesho naenda kwa mwenzetu. Tumejichanga watu 6, nje ya daftari, tumepata shilingi 30,000 na sukari kilo 2. Nitamuuliza mtoto walimwita nani, maana Jumapili ile hakuna aliyeuliza, hata mimi.